Begi Moja la Lita 40: Dar, Kigali, Kampala, Nairobi Hadi Kurudi Nyumbani

Haya ndugu watazamaji, karibuni. Begi lenyewe ndilo hili hapa mezani. Si jipya, mnaona lilivyochujuka mabegani. Ni mtumba wa Karume, pale Ilala, na ndilo pekee nililotoka nalo Dar: Rusumo, Kigali, Katuna, Kampala, Malaba, Nairobi, Mombasa, kisha Horohoro na Tanga kurudi nyumbani. Mwezi na ushei, yote kwa basi. Jina la kampuni nimelifunika na selotepu kwa sababu hawajanilipa kitu.

Tuanze na ukubwa, maana hapo ndipo watu wanapotupa hela. Lita 40. Ukinunua la lita 60, utake usitake linaingia kwenye buti la basi, na likishaingia huko kila kituo roho iko juu: nani kashuka, na kashuka na nini? Hili linakaa miguuni. Pale Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, huduma za nchi zote mbili ziko chini ya paa moja, lakini abiria wenye masanduku bado wanamsubiri utingo afungue buti ili mizigo ikaguliwe. Mimi begi liko mgongoni, nimeshakaguliwa, natafuta chai.

Sasa tazameni. Zipu inazunguka pande tatu, begi linalala wazi kama sanduku. Yale ya kufunguka juu tu siyataki tena. Ukitaka soksi iliyo chini, unamwaga kila kitu kitandani. Na hapa kwenye kishikio pameandikwa YKK, kampuni ya Kijapani ya zipu. Mkienda mitumbani tafuteni herufi hizo. Kitambaa kikichanika fundi anashona kwa dakika chache, lakini zipu ikifa katikati ya safari, begi nalo limekufa.

Mkanda wa kiunoni ni mpana, na ukiukaza vizuri uzito unahama mabegani. Nimelipima kwenye mizani ya duka la Mangi, akanicheka sana: tupu kilo moja na nusu kasoro, likijaa kilo nane. Bodaboda hakuongezi nauli.

Ndani kuna nini? Fulana tatu, suruali mbili nikihesabu ya mwilini, sweta moja, kandambili, sabuni ya kipande, dawa, na kadi ya homa ya manjano ndani ya pasipoti. Sweta msiliache kwa kuwa mmezoea joto la Dar. Ukivuka Katuna unaingia milima ya Kabale, na baridi ya kule asubuhi haina utani. Nairobi mwezi wa Julai hivyo hivyo.

Taulo sikubeba. Kikoi kinatosha: unajifutia, unajifunika kwenye basi la usiku, unakikunja kinakuwa mto, na ukikianika usiku asubuhi kimekauka. Akina dada, nyie mna kanga, hapo sina cha kuwafundisha.

Chaja: plagi yetu ya pini tatu inaingia Kenya na Uganda bila taabu. Rwanda matundu ni ya pini za duara, kwa hiyo bebeni adapta. Ni ndogo kuliko kiberiti.

Ubaya wake sasa. Mgongoni hapapitishi hewa. Mombasa nilitembea kutoka kituo cha basi hadi Mji wa Kale, shati likaloa utadhani nimetumbukia Kilindini. La pili, na hili ndilo kubwa, halina koti la mvua. Najua kuna mtu anasema, “si ufungie nguo kwenye rambo?” Ndugu yangu, Rwanda mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, Kenya tangu 2017, na sisi wenyewe tangu Juni 2019. Mpakani watakunyang'anya, na nguo zako zibaki zinaning'inia mkononi mbele za watu. Mimi natumia mfuko mnene usiopitisha maji, ule unaofungwa kwa kukunja mdomo, unatumika miaka. Nguo humo, simu humo.

Je, ulinunue? Kama unasafiri na mtoto mchanga, hapana, usijitese. Kama unapeleka zawadi kwa shangazi watatu, hapana pia. Lakini ukiwa peke yako na unakubali kufua kila baada ya siku mbili tatu, silioni begi la kulishinda kwa bei hii. Mimi nililipa elfu 55 baada ya kubishana sana.

Mkienda Karume, nendeni na nguo zenu mkononi. Jaza begi hapo hapo, livae, kaza mikanda yote, kisha funga na kufungua zipu mara kadhaa muuzaji akiangalia. Akinuna, banda la pili liko hatua tatu tu.