Overlap Analysis ya QGIS: zana ya kujua mpaka wa kijiji umeingiliana na matabaka yapi

Anayeandaa mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji karibu na delta ya Rufiji hukabiliwa na swali moja mapema kabisa: mpaka huu umeingiliana na hifadhi zipi, na kwa kiasi gani? Mikoko ya delta ni msitu wa hifadhi, ukanda wa Rufiji, Mafia na Kilwa umo katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu mwaka 2004, na upande wa juu wa mto kuna Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Kwenye kompyuta kila eneo la namna hiyo huwa tabaka lake la ramani, na matabaka hayo yakiwashwa yote kwa pamoja, jicho peke yake haliwezi kutoa jibu la kuandikwa kwenye taarifa. Kwa kazi hiyo mimi hutumia QGIS, programu huria isiyolipiwa ya kuchora na kuchambua ramani, na zana yake iitwayo Overlap Analysis ndiyo ninayoithamini kuliko nyingine.

Unaipa tabaka la mpaka wa kijiji, unatia alama matabaka yote unayoyashuku, nayo hurudisha tabaka jipya ambalo jedwali lake lina safu mbili kwa kila tabaka ulilochagua, moja ya ukubwa wa eneo lililoingiliana na nyingine ya asilimia. Poligoni, yaani maumbo yanayozungushia eneo, zinazolaliana ndani ya tabaka moja hazihesabiwi mara mbili, jambo ambalo ukilifanya kwa mkono hukosewa kwa urahisi.

Wengi hukimbilia Select by Location, zana nyingine ya QGIS inayochagua maumbo kwa mahali yalipo, na kuchagua sharti la "overlap", na hapo ndipo hupotea, kwa sababu sharti hilo hutambua tu maumbo yaliyoingiliana kwa sehemu. Kijiji kilichomo chote ndani ya eneo la hifadhi hakitachaguliwa, na mtu ataamini hakuna tatizo. Sharti linalofaa ni "intersect", ingawa nalo huleta hata jirani aliyegusana na kijiji mpakani tu.

Upungufu upo. Overlap Analysis hupokea poligoni pekee, hivyo mito na barabara zilizochorwa kama mistari huhitaji njia nyingine. Matokeo yahifadhiwe katika faili la aina ya GeoPackage, kwani lile la zamani la shapefile hukata majina ya safu yanayozidi herufi 10 na matabaka mawili yakaonekana kama moja.

Kubwa zaidi ni mfumo wa majiranukta, yaani namba zinazoonyesha mahali kitu kilipo duniani. Zana hubadilisha mifumo yenyewe, lakini kila tabaka lazima liwe limetajiwa mfumo wake sahihi. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimo katika mfumo wa Arc 1960, GPS hutoa ule wa WGS 84, na tofauti kati yake ardhini hufikia mamia ya mita. Niliwahi kupokea tabaka lisilotaja mfumo, nikalichukulia kuwa WGS 84, na mashamba ya watu yakasomeka yamo ndani ya mikoko. Namshukuru Mungu nililigundua kosa kabla ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa kuwa takwimu ya namna hiyo ikishasomwa hadharani haifutiki masikioni mwa wenye mashamba.

Ningependa zana hii iongezewe kiwango cha chini cha kuhesabiwa, maana asilimia ndogo kama 0.2 mara nyingi hutokana na mipaka iliyochorwa kwa vipimo tofauti. Kwa sasa, ninapoiona, huchukua GPS na kwenda kwenye bikoni pamoja na wazee wanaoujua mpaka.