Umeme wa akiba kwa nyumba yenye mtoto mchanga: kipi ununue kwanza, kipi uachane nacho

Haya akina baba wenzangu, hasa nyie mnaopenda vifaa vyenye vitaa vya bluu na waya nyingi, leo tuongelee umeme wa akiba. Kweli mgao ule wa ratiba umepungua sana tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere ianze kuwashwa mwaka 2024 (lote kwa jumla ni megawati 2,115, sio mchezo), lakini umeme wa mtaani ni hadithi nyingine kabisa, mvua ikipiga, tawi likiangukia waya, transfoma ikigoma, giza linaingia palepale na bwawa liko mbali huko Rufiji halina habari na wewe. Ukiwa bachela unageuka upande wa pili unaendelea kulala. Ukiwa na kachanga ndani, Dar, joto la Januari, feni ikizima dakika kumi tu ndani ya chandarua panakuwa oveni na mtu mdogo anaanza kudai haki zake.

Sasa tatizo letu tukienda Kariakoo tunauliza swali moja, "hii ina wati ngapi?" Muuzaji anakwambia elfu moja, elfu tatu, elfu tano, unarudi nyumbani umebeba liinveta likubwa (inveta ni kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) halafu linazima saa saba usiku. Wati ni uwezo wa kubeba mzigo kwa wakati mmoja. Kinachokufikisha asubuhi ni wati-saa, yaani wati mara masaa. Na kwa nyumba yenye mtoto mimi naongeza kigezo cha pili ambacho kwenye maboksi hakiandikwi: kelele. Kifaa kinachomwamsha mtoto hata kiwe kizuri vipi kinashuka nafasi, ndo maana orodha yangu hapa chini haifanani na za wale wanaopanga kwa nguvu.

Kwanza piga hesabu ya usiku. Ruta pamoja na kile kiboksi cha faiba wati 15 hivi, kamera ya mtoto 5, feni ya mezani 45, taa ndogo ya kubadilishia nepi 5. Jumla 70. Kwa masaa sita ni wati-saa 420, weka na upotevu sema 500. Hiyo 500 ndo namba yako, ikariri. Kama una kile kiplagi cha kupimia wati pima mwenyewe maana lebo zinatisha bure, adapta ya ruta imeandikwa volti 12 ampea 2 ukizidisha unapata 24 lakini ruta yenyewe mara nyingi haifiki hata nusu.

Umeona sijaweka birika, kifaa cha kuchemshia chupa wala cha kupashia maziwa. Makusudi. Birika la wati 2,000 likichemka dakika tano tu limekula wati-saa kama 167, yaani theluthi ya usiku wako mzima imekuwa mvuke. Maji ya moto yanakaa kwenye chupa ya chai tangu jioni, na jiko la gesi lipo. Ukishakubali hilo, gharama yote ya mradi inashuka sana.

Namba 1: mini UPS ya ruta na feni ya kuchaji

Najua mlitegemea niseme lithiamu, subirini. Mini UPS ni kaboksi kenye betri kanakolisha ruta umeme wa ukutani ukikata. Hii ndo ya kuanza nayo kila mtu, awe kapanga chumba kimoja au kajenga, kwasababu bei haiumi, haina feni ndani, haipigi alamu, unaibandika nyuma ya ruta unaisahau. Kamera nyingi za ndani zinatumia volti 5 za USB, na mini UPS nyingi zina tundu la USB pembeni, kwa hiyo ruta na kamera vyote vinabaki hewani na wewe ukiwa sebuleni unaendelea kumwona mtoto kwenye simu.

Hapa sasa ndo pa kuwa makini maana feki ni nyingi. Ukiona imeandikwa mAh 10,400 (miliampea-saa, yaani ampea-saa 10.4) hiyo ni ya seli za volti 3.7, sio volti 12, zidisha 10.4 kwa 3.7 unapata wati-saa 38 na kidogo. Ruta ya wati 8 itakaa kama masaa manne ukitoa upotevu, sio kumi kama muuzaji anavyosema. Na zile seli za ndani, zile za duara zinaitwa 18650, moja nzuri kabisa haizidi mAh 3,500 hivi. Ukikuta seli imeandikwa 9,900 huo ni uongo wa mchana kweupe, rudisha. Njia rahisi ya dukani ni kuinyanyua, yenye seli nne ndani ina uzito wake mkononi, nyepesi kama boksi tupu achana nayo.

Jaribio la pili: beba ruta yako uende nayo dukani (watakucheka, wacha wacheke). Chomeka, subiri iwake vizuri, halafu chomoa plagi ya ukutani huku macho yako kwenye vitaa vya ruta. Vikipepesa vikazima vikaanza kuwaka upya kimoja kimoja, hiyo UPS inachelewa kubadilisha na kila umeme ukikata utakosa intaneti dakika mbili na kamera itapotea. Inatakiwa visishtuke kabisa. Hakikisha pia volti zinalingana, ruta ya volti 12 kwenye tundu la 12, ya 9 kwenye 9.

Kwa feni ya kuchaji, uliza betri ya ndani. Nyingi za bei ya chini zina kabetri ka risasi ka volti 6 ampea-saa 4.5, hiyo ni wati-saa 27, ukiiweka spidi kubwa inakuacha njiani mapema, na ukiisahau bila chaji miezi kadhaa kabetri kenyewe kanakufa. Tafuta yenye lithiamu, au ile ya volti 12 inayokubali betri ya nje, hii ya pili ukija kununua namba 2 utanishukuru.

Namba 2: betri ya lithiamu fosfeti ya volti 12.8, ampea-saa 100, na inveta ndogo

Hii ndo yetu sisi wa bisibisi. Betri moja ni wati-saa 1,280 na unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 bila kuiumiza, kwahiyo ile 500 yetu inaingia karibu mara mbili. Inanyanyulika na mtu mmoja, ina ubongo wake ndani, wanauita BMS, unaizuia isichajiwe kupita kiasi wala isiishe kupita kiasi, na ikitunzwa vizuri inaenda mizunguko (kujaa na kuisha) elfu mbili na zaidi. Nyingine zina bluetooth unaona kila kitu kwenye simu, mama mtoto anakuuliza unaangalia nini saa nane usiku unamjibu asilimia za betri, hapo andaa maelezo.

Inveta chagua ya mawimbi safi, wanaita pyua sine. Zile za mawimbi ya ngazi ni za bei rahisi lakini feni inaunguruma na chaja nyingine zinapata moto, na huo mngurumo chumba kikiwa kimya unausikia kweli. Na usinunue kubwa kwa sifa. Inveta ikiwa imewashwa tu bila kubeba kitu inakula umeme, sema wati 15, kwa masaa sita ni 90 zimepotea bure, na zile kubwa zinakula zaidi, pia zina kifeni cha kupooza kinachowaka na kuzima. Kwa mzigo wa wati 70 inveta ya 300 au 500 inatosha na kubaki, ila kama una mpango wa kuweka friji hapo baadaye ndo uangalie kubwa, maana mota ya friji ikianza inavuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida.

Au fanya ninavyopenda mimi, ruka inveta kabisa. Feni ya volti 12, taa ya volti 12, ruta inapitia kakifaa ka kutuliza volti, kamera kwenye USB. Kimya kabisa, hakuna kinachokula umeme wa bure. Kama una Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kiganjani, inayoendesha mambo ya nyumbani iingize humo humo, ile kitu ukiikatia umeme ghafla ghafla kadi yake ya kumbukumbu inaharibika na unaanza upya.

Ya usalama haya sio ya kuruka. Fyuzi ikae karibu kabisa na chanya ya betri, kabla ya kitu kingine chochote. Inveta ya wati 1,000 kwenye volti 12 inavuta ampea 90 kwenda 100, kwahiyo vile viwaya vyembamba vinavyokuja kwenye boksi vitachemka, chukua waya nene na uzibane nati mpaka ukivuta kwa mkono hazichezi, nati iliyolegea ndo inayoyeyusha plastiki. Chaja iwe ya lithiamu, inayoishia volti 14.4 hadi 14.6, sio chaja ya gereji. Boksi likae juu au nje ya chumba cha mtoto, katika miezi michache ataanza kutambaa na kitu cha kwanza atakachokifuata ni hicho kitaa. Na ukitaka kuunganisha na waya za nyumba nzima muite fundi umeme aweke swichi ya kubadilishia. Habari ya kutengeneza waya wenye plagi huku na huku ukausukumia umeme kwenye soketi usiisikilize hata aseme nani, unaweza kumuua fundi aliye kwenye nguzo.

Namba 3: stesheni ya umeme ya kubeba

EcoFlow, Bluetti na ndugu zao. Ni namba 2 iliyokwisha kufungwa kwenye boksi zuri, na kwa mpangaji anayehamahama au baba asiyetaka kushika bisibisi ingekuwa juu zaidi. Nimeishusha kwasababu ya bei kwa kila wati-saa na kwasababu ikiharibika mafundi wengi wa mtaani hawaigusi. Angalia ukubwa kabla hujapenda sura: EcoFlow River 2 ni wati-saa 256, Bluetti EB3A ni 268, zote hizo hazifiki 500 yetu, ni za ruta, taa na feni ndogo. Delta 2 ina 1,024, hiyo inamaliza usiku. Hakikisha ni lithiamu fosfeti maana baadhi za zamani zinazouzwa mtumba zina kemia nyingine inayochoka mapema. Na zikichajiwa kwa kasi kifeni chake kinavuma, kwenye programu ya simu kuna sehemu ya kupunguza kasi ya chaji, itumie.

Namba 4: inveta na betri ya jeli

Betri ya jeli ni ya risasi, ila asidi yake imegandishwa. Bado inauzwa sana na bei ya kuanzia inavutia. Volti 12 ampea-saa 100 ni wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukitaka idumu unatumia nusu, 600. Uzito karibu kilo 30. Ukiimaliza mpaka chini mara kwa mara, mizunguko mia chache imechoka, unarudi dukani. Kama bajeti ndo hiyo chukua, ila usikubali kupewa betri ya gari badala yake, ile imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache kuwasha injini, sio kuishiwa polepole usiku kucha.

Namba 5: UPS ya kompyuta

Ya 650 VA (kipimo cha uwezo wa kubeba mzigo, kama wati) unakuta ndani ina betri ya volti 12 ampea-saa 7, wati-saa 84, basi. Halafu umeme ukikata inaanza: pii, pii, pii. Saa tisa usiku. Baadhi unaweza kuizima hiyo sauti kwa kubonyeza kitufe, nyingine mpaka uchomoe spika ndani. Kama unayo tayari iache kwa kompyuta ya mezani, kununua mpya kwa ajili ya chumba cha mtoto hapana.

Namba 6: jenereta

Kwa duka au saluni sawa. Kwa mtoto mchanga iko mwisho na sio kwasababu ya kelele tu. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na watu wanakufa wakiwa wamelala. Barazani hapana, koridoni hapana, chini ya dirisha hapana hata liwe limefungwa. Iende mita 6 au zaidi kutoka nyumbani na moshi uelekee kwingine, na kwa nyumba zetu zilivyobanana hiyo mita 6 inaishia dirishani kwa jirani ambaye naye ana watoto.

Lazima mtu ataniuliza na friza la maziwa ya mama je? Kwa kukatika kwa masaa machache huhitaji kuliwekea betri, unahitaji kuacha kulifungua. Friza lililojaa likifungwa linashikilia baridi kama masaa 48, lililojaa nusu kama 24, friji ya kawaida ni kama masaa manne tu. Kwahiyo jaza nafasi tupu kwa chupa za maji, pakiti za maziwa ziwe katikati, andika tarehe kwa kalamu ya maka, na hiyo ya kula usiku itoe mapema iwekwe kwenye kibebeo chenye barafu ili asiwepo mtu wa kufungua mlango gizani.