Seti ya kupambia keki ya shilingi 48,000, baada ya Krismasi mbili Marangu

Seti hii niliinunua Kariakoo mwanzoni mwa Desemba mwaka juzi. Kijana aliyekuwa anauza alianzia 65,000, tukavutana mpaka 48,000, akaifunga kwa kamba nikapanda nayo daladala hadi Kimara. Boksi halina jina la kampuni. Lina picha ya keki yenye waridi na maandishi kwamba ndani kuna vipande 124. Nilivihesabu kitandani usiku ule, nikapata 119. Naandika sasa kwa sababu nimeshaitumia Krismasi mbili, na kila Novemba mashoga zangu wananiuliza kama seti hizi za maboksi zinafaa au ni plastiki ya kujaza kabati.

Zinafaa. Ila si kila kilichomo, na inategemea unapambia wapi.

Mimi nimeolewa Uchagani. Krismasi hatuli Dar, tunapanda Marangu kwa mama mkwe, na keki ni jukumu langu. Naioka katikati ya Novemba: zabibu kavu, tende na maganda ya chungwa, vyote vimelala usiku kucha kwenye chai ya rangi nzito yenye mdalasini. Baada ya hapo inakaa imefungwa kwenye karatasi na foili mpaka siku ya safari. Keki ya matunda haina shida na safari. Shida ni mapambo.

Mwaka ule wa kwanza niliipamba hapa hapa Kimara, siku moja kabla ya kusafiri, kwa krimu ya siagi. Joto la Desemba mnalijua. Siagi inaanza kulegea kabla hata hujaijaza kwenye mfuko, na kiganja chako kinamalizia kuiyeyusha. Niliiweka kwenye friji ikakaza, ikapendeza, nikaipiga picha. Kutoka stendi ya Mbezi mpaka Moshi ni kutwa nzima, nami boksi nilikuwa nimelipakata. Tulipofika Korogwe nikafungua kifuniko kuchungulia. Maua ya upande wa dirishani yalikuwa yameteremka mpaka kwenye kibao, na rangi ya kijani imechirizika juu ya nyeupe. Mama aliipokea kwa mikono miwili na kuniambia asante mwanangu, na ililiwa yote, lakini niliumia. Nilikuwa nimeamka saa tisa usiku kwa ajili yake.

Kwa hiyo mwaka jana keki ilisafiri na koti lake la ndani tu, yaani tabaka linalokaa chini ya mapambo, na seti yote ikaingia kwenye begi. Tulipamba Marangu, kwenye meza ya mbao jikoni kwa mama, jioni ya tarehe 23, mimi na wifi, tumevaa masweta. Hapo ndipo nilipoielewa seti hii vizuri.

Nianze na meza ya kuzungusha, maana kwangu hiyo peke yake imerudisha nusu ya hela. Ni ya plastiki, upana inchi 11, juu imechorwa miduara inayokusaidia kuiweka keki katikati. Nimeifungua chini: ndani kuna gololi ndogo za chuma, ndiyo maana inazunguka laini kwa kidole kimoja. Keki yangu ikiwa na kila kitu inakaribia kilo tatu na nusu, na meza haijalalamika. Ila usiegemeze mkono pembeni, inabinuka. Na kwenye vigae au meza laini inateleza, hivyo tandika kitambaa kibichi kilichokamuliwa chini yake. Kabla ya kuwa nayo nilikuwa naizunguka keki mimi mwenyewe, napaka kwa kisu cha mkate, na upande mmoja unatoka mnene kuliko mwingine. Sasa mkono wenye kikwaruzo, kile kibapa cha kusawazishia krimu, unatulia palepale, na keki ndiyo inayozunguka.

Vikwaruzo viko vitatu, na vyote vilikuwa na kasoro moja: kwenye ukingo kulikuwa na kinyuzi cha plastiki kilichobaki kiwandani. Kinyuzi hicho, chembamba kama uzi wa kushonea, kinachora mfereji kuzunguka keki nzima, na unaweza kulainisha mara kumi usijue mfereji unatoka wapi. Pitisha ukucha kwenye ukingo utakisikia. Nilikisugua kwa msasa laini dakika mbili, kikaisha.

Nozo, zile ncha za chuma za kukamulia krimu, ziko 48, kila moja na namba yake ubavuni. Kusema kweli nimetumia nne. Namba 3 kwa kuandika na kuchora mistari. 1M, ile nyota kubwa, kwa mzunguko wa chini. 104 ya petali nimeijaribu mara moja. Na 352, ambayo ndiyo nawaambia watu waitafute hata kama hawanunui seti: mdomo wake umekatwa kama mdomo wa ndege, ukibonyeza mfuko na kuuvuta unatoa jani lenye mshipa katikati, moja kwa moja, bila kufanya kingine. Kwa nozo hiyo nilizungushia keki yote majani marefu ya isale. Wasio wa kule niwaambie, isale ni mmea wa heshima Uchagani, unapandwa mipakani mwa vihamba, yaani mashamba ya ukoo, na jani lake likipelekwa kwa mtu uliyemkosea ni ombi la msamaha. Wifi alipoona majani yanatokea moja baada ya jingine aliacha kumenya ndizi akaja kusimama nyuma yangu.

Angalizo la nozo: zina mshono, na maji yakibaki kwenye mshono huo zinashika kutu. Mimi nikishaziosha nazimwaga kwenye sinia na kuziweka juu ya jiko lililozimwa bado lina joto.

Sasa rangi. Ndani ya boksi kuna vichupa vinne vya rangi ya maji. Msivitumie kwenye fondanti, ile sukari laini inayosukumwa na kuvishwa keki. Nyekundu niliiweka kijiko kizima, fondanti ikawa inanata kama ubani na bado ni ya waridi. Nilinunua rangi nzito ya jeli, 5,000 kichupa, unaichota kwa ncha ya kijiti cha meno. Na nyekundu inahitaji subira: iache imefungwa usiku mmoja, asubuhi utakuta imekolea yenyewe. Ukiilazimisha siku hiyo hiyo kwa kuongeza na kuongeza, utaipata, lakini itakuwa chungu mdomoni.

Kingine kilichomo ni kichupa cha vumbi la kumeta, la dhahabu. Nimekitupa, na naomba nieleweke vizuri hapa kwa sababu keki hizi tunawalisha watoto. Kichupa hakina orodha ya viambato, kimeandikwa tu kwamba hakina sumu. Kuambiwa kitu hakina sumu si sawa na kuambiwa kinaliwa. Hata gundi ya shule wanaiandika hivyo. Kama hujaona imeandikwa kwamba inaliwa, pamoja na vilivyotumika kuitengeneza, isiguse keki. Sukari ya unga ikichekechwa kwa chujio la chai inameta vya kutosha usiku wa mshumaa.

Koti la ndani nililolitaja ni la korosho. Wanaofuata vitabu wanatumia lozi, lakini lozi Dar ni ghali, na korosho za Mtwara tunazo. Gramu 300 za korosho nyeupe ambazo hazijakaangwa, gramu 300 za aisingi shuga, na shira kidogo ya sukari ya kushikanisha. Siri iko kwenye kusaga: washa blenda, zima, washa, zima. Ukiiacha inguruma, korosho zinatoa mafuta na utapata siagi ya korosho, nzuri kwa mkate lakini haisukumiki. Keki ipake kwanza jamu iliyopashwa moto, mimi natumia ya nanasi niliyoichuja, kisha ivishe. Koti hili ndilo lililopanda basi, na lilifika bila hata ufa.

Juu yake ndiyo fondanti. Ndoo ya kilo moja niliipata kwa 18,000, na kwa keki ya inchi 8 inatosha na kubaki ya kufinyangia. Kujua usukume upana gani, chukua upana wa keki uongeze kimo chake mara mbili: yangu ni inchi 8 na kimo cha 3, kwa hiyo duara la inchi 14. Na hapa seti imeniangusha. Kijiti chake cha kusukumia kina inchi 9. Huwezi kusukuma duara la inchi 14 kwa kijiti cha inchi 9, kila ukipitisha ncha zake zinaacha alama. Mama alinipa mti wake wa kusukumia chapati, mzito, umelainika kwa miaka, nikanyunyiza konflawa, kazi ikaisha kwa dakika kumi. Ile pasi ya plastiki ya kulainishia, kwa upande mwingine, ni nzuri kabisa. Ipitishe juu kwanza, halafu ubavuni kuelekea chini, mikunjo inapotea. Na keki ikishavaa fondanti usiirudishe kwenye friji, hasa ukiwa pwani, maana ukiitoa inatoka jasho na rangi zinachirizika.

Nije kwenye jambo lililonifanya nitake kuandika haya yote. Picha ya keki za Krismasi tunazoziona kila mahali ina majani yenye miiba na vitunda vyekundu vitatu. Vikataji vya majani hayo vimo ndani ya seti, saizi tatu. Ni mmea wa Ulaya, sijawahi kuugusa. Nilipoutazama ule mchoro nikawaza kwamba majani ya kijani kizito yanayong'aa na matunda mekundu vipo nyuma ya jiko la mama mkwe wangu, hatua ishirini. Nikaamua kufinyanga tawi la kahawa.

Fondanti ya kufinyangia nilichanganya na unga wa CMC, kijiko kidogo kwa gramu 250, ili ikauke na kusimama. Majani nikayakata kwa kisu nikayapaka mafuta kidogo yang'ae. Matunda nikayaviringisha mekundu yote, sawasawa, na kuyaning'iniza pembezoni mwa tawi. Niliridhika. Mama akaja na miwani yake, akainama, akatazama kwa muda.

"Mwanangu, hizi ni kahawa?"

"Ndiyo, Mama."

"Umezining'iniza kama zabibu. Kahawa haina bua refu namna hii. Inakaa kifundoni, imeshikana, hata kidole hakipiti. Na majani hutoka mawilimawili, huku na huku."

Akachukua tochi akatoka. Mvua ilikuwa inanyesha manyunyu. Alirudi na tawi halisi lenye punje za mwisho mwisho za msimu, akaliweka juu ya kibao karibu na unga. Nikaona kila alichosema. Na nikaona alivyoviacha nijionee mwenyewe: kwamba punje za kifundo kimoja hazifanani, moja imeiva kabisa, moja ni ya manjano upande mmoja, moja bado kijani, na kwamba kila tunda lina kitovu kidogo mbele, kama kimebonyezwa kwa ncha ya kalamu.

Nikayabomoa yangu. Ndani ya seti kuna vijiti vya kufinyangia vyenye vichwa vya mviringo, ambavyo nilikuwa nimeviacha kwenye mfuko wake nikidhani havina kazi. Kile kidogo kuliko vyote ndicho kilichobonyeza vitovu. Mama alinawa mikono, akavuta kigoda, akakaa. Mikono yake imechuma kahawa tangu akiwa msichana. Alikuwa anaviringisha punje mbili wakati mimi naviringisha moja, na kuzipanga kifundoni bila kulitazama tawi. Tulifunga vifundo vitano. Wifi alichanganya ute wa mayai na aisingi shuga na matone ya limau, ndiyo ikawa gundi yetu. Tuliacha likauke usiku ule na kesho yake kutwa, na tarehe 24 baada ya ibada ya jioni tukaliweka juu ya keki nyeupe, majani ya isale chini yake yamezunguka.

Kwa mnaouliza ninunue au nisinunue: kama huna chochote nyumbani, nunua, ila omba upunguziwe bei, na weka pembeni hela ya rangi za jeli na mti mzuri wa kusukumia. Kama una visu na mifuko tayari, tafuta meza ya kuzungusha peke yake, baadaye niliiona duka la jirani kwa 25,000, na nozo 352 na namba 3 za kununua mojamoja. Mifuko ya silikoni ya ndani ya boksi inabaki na harufu ya siagi hata uioshe kwa maji ya moto. Chukua ya kutupa.

Keki ilikatwa tarehe 25 mchana, baada ya mtori. Tawi hatukulila. Mama alilitoa kabla kisu hakijagusa keki, akalilaza kwenye bakuli la udongo na kulifungia kabatini. Nilimpigia juzi kumwambia keki ya mwaka huu imeshatoka ovenini, akaniambia nyekundu imepauka kidogo lakini punje zote bado zipo, na akaniuliza kama mwaka huu tunaweza kufanya yenye maua, kwa sababu kahawa ikichanua ni nyeupe na mimi sijawahi kuwa Marangu wakati huo kuiona.