Siku yetu ya kwanza Lamu na mtembezaji wa kukodi: uzoefu wangu

Tuliwaacha watoto kwa bibi yao Voi, tukapanda basi mpaka Mokowe, kisha boti. Tulifika Lamu jioni, hoi, tukalala. Asubuhi hata chai hatujamaliza, kijana mmoja akatukuta karibu na gati: atutembeze mji wa kale kwa shilingi 2,500, sisi wawili. Mume wangu akakataa. Mkenya gani analipia kuonyeshwa Kenya? Nikamwambia hela natoa mimi, akanyamaza.

Kijana akatangulia. "Ndooni!" Mume wangu akaangalia chini akitafuta ndoo. Kumbe ni Kiamu, Kiswahili cha Lamu, yaani "njooni." Mzaha huo ulidumu siku nzima, na mpaka leo nikiitwa jikoni naitwa hivyo.

Barabara kuu, wenyewe wanaiita Usita wa Mui, ni nyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Ukisikia "Simile!" usigeuke kuuliza, jibane ukutani. Mimi niligeuka. Gunia la saruji likanipangusa bega.

Kwenye tarehe, mtembezaji wetu alikuwa kama mtoto wa shule siku ya mtihani: ngome ilianza kujengwa 1813 ikaisha 1821, posta ya Wajerumani 1888, mji kuwa Urithi wa Dunia wa UNESCO 2001. Anataja, anasonga. Pale ngomeni nilitaka tukae kidogo, maana mahali hapo palikuwa gereza mpaka 1984 na bado ukiwa ndani unalihisi, lakini yeye alishatoka nje, anatusubiri Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, chini ya mti.

Alipobadilika ni kwenye Nyumba ya Waswahili, ile makumbusho ndogo. Hapo nilijua hela yangu imefanya kazi. Alitusimamisha dakani, kibaraza cha mlangoni, akatuuliza: mnaona nini ndani? Hatukuona kitu. Njia ya kuingilia imepindishwa kusudi, mpita njia asichungulie walio ndani. Ukishapinda unatokea uwani, halafu msana wa tini (ukumbi wa chini), msana wa yuu (wa juu), na mwisho kabisa chumba wanachokiita ndani, kila kimoja kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia. Ukutani kuna zidaka, yaani vishubaka, safu kwa safu, za kupangia vyombo vya kauri. Dari ni boriti za mikoko, na upana wa chumba unafuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vyote ni virefu na vyembamba. Mimi nimeona picha za vyumba hivyo miaka mingi na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Chooni kuna birika la maji, na ndani yake waliwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Mume wangu, yule yule aliyekataa kulipa, alichuchumaa pale akiuliza maswali mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini.

Sasa malalamiko. Kwanza, tiketi za makumbusho hazimo kwenye zile 2,500, na hakusema mpaka tulipofika mlangoni. Pili, "mji wa kale" wake ulipitia duka la vinyago la binamu yake, dakika arobaini, na chai tukaletewa ili tuone haya kuondoka. Tulinunua kisanduku ambacho hatukukihitaji. Tatu, alianza saa nne, na saa sita jua lilikuwa utosini. Anzeni saa moja, au msubiri baada ya alasiri.

Jioni tulizunguka peke yetu upande wa mtaa wa Langoni, tukapotea, tukaelekezwa na mama mmoja aliyekaa barazani anakaanga viazi karai. Tukala kwanza, kisha ndiyo tukaelekezwa.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja imebaki kwa binamu. Kesho yake mume wangu ndiye aliyempigia simu atupeleke Shela, kijiji cha jirani, na safari hii masharti aliyataja yeye kabla ya salamu kuisha: tiketi tujulishwe mapema, na duka hatuingii.