TAHADHARI: Msitume hela kwa muuzaji wa seti za kupulizia maji intakula

Wakuu wenye magari ya turbo, hasa Forester, Impreza, Hilux na Prado za dizeli, naomba mtulie msome hii kabla hamjamtumia mtu hela.

Kuna muuzaji anazunguka mitandaoni na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wenye magari. Anatangaza seti ya kupulizia maji intakula, yaani kile kipoozeo cha hewa ambayo turbo inaishindilia kwenye injini, anaiita "orijino ya Japani", bei 450,000, na anataka hela yote itangulie ndipo atume mzigo kwa basi au bodaboda. Anaahidi gari litaongezeka nguvu za farasi 50 na matumizi ya mafuta yatashuka siku hiyo hiyo. Anasema pia kwamba inafunga kwenye gari lolote.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar. Seti hizo zimefika gereji ninakofanyia kazi, zimeletwa na wateja tofauti, na nimezifungua juu ya meza wenyewe wakiwa wanatazama. Ndani ya boksi kuna pampu ndogo ya maji ya wipa, ile ile inayorusha maji kwenye kioo cha mbele. Plagi yake imekatwa, na nyaya zimeungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi. Kuna mpira mwangavu wa plastiki wa kupitishia hewa kwenye tangi la samaki, nozeli mbili za kumwagilia bustani, swichi ya kuwasha na kuzima, na waya mwembamba kama wa spika. Fyuzi hakuna. Relei, ile swichi inayowashwa kwa umeme, hakuna. Karatasi ya maelekezo hakuna. Stika ya chapa ya Kijapani iliyobandikwa kwenye pampu ilitoka kwa kucha, na chini yake kuna maandishi ya mtengenezaji mwingine kabisa. Nendeni Gerezani pale Kariakoo mkaulizie bei ya pampu ya wipa peke yake, halafu mlinganishe na hiyo laki nne na nusu.

Kilichoniumiza zaidi ni mama mmoja mwenye Toyota IST. Aliuziwa seti hii baada ya kueleza wazi kabisa gari lake ni aina gani. IST haina turbo wala intakula, kwa hiyo hakuna cha kupooza hapo. Alipouliza aifunge wapi, aliambiwa nozeli zielekezwe kwenye rejeta. Alipopiga tena simu, namba yake ilikuwa imeshablokiwa. Muuzaji anayejua bidhaa yake angemwambia tangu meseji ya kwanza, "Dada, hii haikuhusu."

Nisieleweke vibaya: kifaa chenyewe kipo na kinafanya kazi. Subaru walikiweka kiwandani kwenye Impreza WRX STI, yenye tangi la maji kwenye buti na kitufe kwenye dashibodi. Mitsubishi nao waliweka kwenye Lancer Evolution. Ndiyo maana utapeli huu unaaminika, kwa sababu mtu akitafuta habari anakuta kweli kitu hiki kinatumika.

Turbo inaposhindilia hewa, hewa inapata moto. Kwa shinikizo la bar 1 juu ya lile la kawaida, hewa inaweza kutoka kwenye turbo ikiwa imepita nyuzi 100. Intakula ndiyo inayoipooza kabla haijaingia kwenye injini, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito zaidi na hupunguza hatari ya injini kugonga, yaani mafuta kujilipukia yenyewe ndani ya silinda. Sasa intakula nayo huzidiwa. Kwenye Forester ya turbo imekaa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti, na gari likisimama kwenye foleni inanyonya joto lote linalopanda kutoka chini. Ukipandisha mlima wa Kitonga na mzigo nyuma ya lori linalotambaa, upepo wa kuipooza ni mdogo wakati turbo inafanya kazi kubwa. Hapo ndipo maji yanasaidia. Yanarudisha nguvu iliyokuwa inapotea kwa joto, basi. Gari ambalo intakula yake haijapata moto hutaona tofauti yoyote, na habari ya farasi 50 ni uongo mtupu.

Kinachopooza hasa ni maji kugeuka mvuke. Lita moja ya maji ikipata joto kutoka nyuzi 30 hadi 60 inabeba kama kilojuli 125. Lita hiyo hiyo ikikauka kuwa mvuke inabeba zaidi ya kilojuli 2,300. Kwa hiyo unahitaji ukungu mwembamba unaotua kwenye mapezi ya intakula, vile vibati vyake vyembamba, na kukauka pale pale. Nozeli za bustani zilizomo kwenye ile seti zinamwaga matone makubwa. Maji yanapita kati ya mapezi, yanadondoka chini na kwenda zake na sehemu kubwa ya ubaridi ulioulipia.

Na hayadondoki mahali salama. Kwenye Subaru, chini na pembeni ya intakula kuna turbo yenyewe, bomba la ekzosi na nyaya za sensa. Maji mengi ya baridi kumwagikia chuma kilichoiva moto ni njia ya kukitia ufa. Waya ule mwembamba muuzaji anaelekeza uungwe moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi. Siku ukichubuka na kugusa bodi, waya wote unakuwa jiko chini ya boneti. Ile swichi nayo inabaki imewaka ukiisahau, na pampu ya wipa haikutengenezwa kufanya kazi mfululizo, tena maji yakiisha inazunguka kavu hadi iungue.

Kuna jambo lingine anawaambia watu kwa simu, na hili naliandika kwa msisitizo. Anasema ukitaka nguvu zaidi utoboe bomba la hewa, nozeli moja iingie ndani. JAMANI MSITHUBUTU. Intakula inapuliziwa nje, kwenye mapezi. Mifumo ya kuingiza maji ndani ya injini ipo, lakini inapimwa kwa matone na kutunzwa na vidhibiti vyake. Maji hayashindiliki. Yakiingia mengi kwenye silinda, pistoni inapopanda inakutana na kitu kisichobonyea, na konrodi, chuma kinachoisukuma pistoni, inapinda. Hapo unatafuta injini nyingine.

Anayehitaji kweli kifaa hiki atengeneze na fundi wake, vifaa vyote vinapatikana madukani. Chukua chupa ya maji ya wipa ya gari chakavu pamoja na pampu yake, lita tatu au nne zinatosha, uifunge mbali na ekzosi. Mpira uwe wa raba unaostahimili joto la chini ya boneti. Karibu na nozeli weka valvu ya njia moja, isije maji yakawa yanavuja yenyewe gari likiwa limezimwa. Nozeli ziwe za ukungu, za shaba, zenye kichujio kidogo ndani, maana tundu lake huziba kwa mchanga kidogo tu.

Upande wa umeme ndiko ninakowaomba msibane hela. Waya mwekundu utoke betri, upite kwenye fyuzi ya ampea 10 iliyo karibu kabisa na betri, uingie pini 30 ya relei. Pini 87 iende kwenye pampu, na mguu wa pili wa pampu uende bodi. Pini 85 nayo iende bodi. Pini 86 ipate moto, yaani umeme, kupitia kitufe cha kubonyeza na kuachia, na moto huo utoke kwenye laini inayokufa ukizima swichi ya gari, ili mtoto akichezea kitufe gari likiwa limepaki kisitokee kitu. Viungo vilehemiwe, visisokotwe. Kabla ya kuwasha injini, fungua boneti, mtu mmoja abonyeze na mwingine aangalie ukungu unatua wapi. Ukiona unagusa plagi yoyote ya umeme au kichujio cha hewa, geuza nozeli. Barabarani, bonyeza sekunde mbili tatu, acha, subiri ikauke.

Maji ya kisima ya hapa Dar mengi yana chumvi, yatajenga ukoko mweupe kwenye mapezi na baada ya muda intakula itapooza vibaya kuliko mwanzo. Tumia maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea kwenye betri. Lakini soma chupa kwa makini, kwa sababu watu wanaita "maji ya betri" vitu viwili tofauti na kimoja ni asidi. Asidi inakula aluminiamu, na intakula nyingi ni za aluminiamu.

Ambaye ameshatuma hela, usifute meseji wala muamala. Piga picha za mazungumzo yote, wahi huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia kulipa, kisha nenda polisi ufungue taarifa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa ajili ya mambo kama haya. Namba ya tapeli itume pia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Kwa wanaotaka kununua kifaa chochote cha gari kwa mtu wa mtandaoni, mwambieni apige video akikifungua kifaa na kutaja jina lako na tarehe ya siku hiyo, na aonyeshe risiti ya EFD ya duka lake. Huyu ninayemsema ameombwa hivyo na mteja wangu, akakata simu.

Na kama seti hiyo iko nyumbani kwako haijafungwa, usiifunge ilivyo. Pampu ihifadhi, itakufaa siku ya wipa ikifa. Waya na ile mipira, tupa.