TAHADHARI wanakusini: anayeuza "safari ya bibi na wajukuu" mbuga ya Nyerere ni tapeli

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba muisome hii na mwenye grupu la ukoo aipeleke huko, mana huyu jamaa ndo anapovulia, kwenye magrupu ya familia ya Mtwara, Masasi, Newala mpaka Lindi mjini.

Tangazo lake ni safari ya Pasaka, familia nzima, bibi babu watoto wajukuu wote kwenye Coaster moja, siku tatu hifadhi ya Nyerere, kulala na kula humohumo, mtu mzima laki tatu na nusu, mzee wa miaka sitini na kuendelea laki mbili "ofa ya heshima kwa wazazi wetu". Alilitupia kipindi pesa za korosho zimeingia kwenye akaunti za watu, anajua kalenda yetu huyo. Shangazi yangu yuko Masasi akalidaka, akamshirikisha baba mkubwa, wakachangishana ili bibi yetu akaone tembo akiwa amekaa kwenye gari, mana yeye tembo anaowajua ni wale wa kuvamia shamba usiku watu wanapiga madebe. Pesa ikaenda, jamaa akawa anajibu meseji vizuri tu, baadae akaanza kuchelewa, sasa hivi namba haipatikani na picha yake ya WhatsApp imeondoka. Namba zenyewe siziweki hapa kwa sababu anabadilisha kila baada ya muda, nawapa mwenendo wake.

Kwanza anaongea na wazee moja kwa moja. Anaomba namba ya bibi, anamtumia sauti, shikamoo nyingi, anamuita mama yangu mzazi, anamwambia wanao wanakupenda wasikunyime hii zawadi ukingali hai. Ukiuliza bei mbona hivi anakujibu kwenye grupu mbele ya watu wote, "ndugu kama bibi hana thamani kwako niambie nimtoe kwenye orodha". Nani ataendelea kuuliza hapo? Shemeji yangu aliuliza risiti akaonekana ndo mchoyo wa ukoo, mpaka leo hajaombwa radhi.

Sasa angalieni maneno yake, mana mtu anayepajua Nyerere hawezi kuongea vile. Anasema mnatoka stendi ya Mkanaledi alfajiri na chakula cha mchana mnakula ndani ya hifadhi. Aisee. Toka Mtwara mpaka uvuke Daraja la Mkapa, ufike Ikwiriri, halafu ushike vumbi kwenda Mloka mpaka geti la Mtemere ni zaidi ya kilometa 400, na Coaster imejaa wazee na watoto wa kutapika njiani, mchana huo wa lini? Pia Pasaka ni masika. Kambi nyingi kule zinafungwa kuanzia Machi mpaka Mei kwa sababu njia za ndani hazipitiki, na barabara yetu hii wenyewe mnaijua, Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilivyoikata pale Somanga mabasi yalilala njiani. Yeye kwenye tangazo kaandika "msimu bora wa wanyama".

Na picha! Tembo kasimama nyuma yake mlima una theluji. Rufiji kuna theluji jamani? Kaandika pia mtaona sokwe, wakati sokwe wa kwenda kuwaona ni Kigoma huko Gombe na Mahale. Nyerere ina vitu vyake vya kutosha kabisa, boti mtoni Rufiji unapita viboko na mamba, mbwa mwitu ambao sehemu nyingi wamekwisha, sasa hivyo havitaji hata kimoja.

Kilichomuumbua kabisa ni mtoto wa dada yangu, ana miaka mitatu. Alidaiwa elfu thelathini "ada ya geti ya mtoto", ikatumwa. Hifadhi za TANAPA mtoto chini ya miaka mitano haingii kwa hela. Halafu ada ya hifadhi hailipwi kwenye namba ya simu ya mtu, inalipwa kwa kontro namba ya serikali, zile tarakimu 12, na ukiingiza kwenye simu inakuonyesha taasisi unayoilipa kabla hujaweka namba ya siri. Ukiona limetokea jina la mtu binafsi acha hapohapo. Na anayeuza safari kihalali ana leseni ya TALA kutoka Wizara ya Maliasili na Utalii, mwambie akutumie halafu uliza wizarani kama ni ya kweli. Huyu alipoombwa alituma picha ya TIN, eti ndo hiyohiyo.

Kuna jambo linaniuma kuliko hela. Aliomba picha za vitambulisho vya NIDA vya wazee wote, mbele na nyuma, "kwa ajili ya bima ya safari". Hela ya mbuga tutaisahau ila hivyo vitambulisho anavyo mpaka sasa na hatujui atavitumia kwa lipi. Mwenye mzazi aliyetuma, chukua simu yake leo piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, ukikuta usiyoijua nenda duka la mtandao huo na mzee mwenyewe ikafutwe. Namba ya tapeli itumeni kwenda 15040, ni bure. Kama mmetuma pesa muda si mrefu pigeni huduma kwa wateja wa mtandao wenu haraka kabla hajaitoa, halafu polisi mkachukue RB. Sisi tulichelewa kwenda kwa sababu baba mkubwa alikuwa anasema tumpe muda labda amefiwa.

Juzi binamu yangu wa Mikindani kanitumia skrinishoti, mwandiko uleule na "ofa ya heshima" ileile, safari hii anauza boti ya kwenda kuona nyangumi Msimbati, mwezi wa pili. Nyangumi wanapita pwani yetu hii kuanzia kama Julai mpaka Novemba hivi. Wavuvi wa Msimbati wenyewe wanamcheka, ila shangazi wa mtu mwingine huko Nachingwea hawezi kujua hilo, kwa hiyo tumeni tangazo hili mpaka huko.