Maabara ya Ganjoni inayosoma vinyama vya pua kwa subira

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikipeleka vinyama vya wagonjwa wangu, yaani vipande vya tishu vinavyokatwa ili vipimwe, katika maabara ndogo ya patholojia (uchunguzi wa tishu zenye ugonjwa) iliyoko Ganjoni, na naona ni haki wenzangu wanaotibu masikio, pua na koo hapa Mombasa waijue kazi yake.

Mgonjwa wangu mmoja kutoka Likoni alikuwa na pua iliyoziba na kuoza ndani, na maabara nyingine ilikuwa imekwisha kuandika mara mbili kwamba ni maambukizi ya kawaida. Si kosa la kushangaza. Limfoma ya NK/T ya pua, saratani ya seli za kinga ziitwazo NK na T, huvamia na kuharibu mishipa ya damu, kwa hiyo kinyama kilichodonolewa juu juu huwa tishu mfu tupu, na seli za saratani zilizosalia, ambazo pengine ni ndogo na hazina sura ya kutisha, hujificha katikati ya limfosaiti (seli nyeupe za damu) za kawaida. Tena utando wa pua huweza kuota kupita kiasi juu ya ugonjwa huo, hata msomaji mwenye haraka akadhani ni saratani ya utando wenyewe.

Bingwa wa Ganjoni hakuandika jibu. Alinipigia simu: “Uniwie radhi, daktari, nyama hii imekufa. Naomba kinyama kingine cha ndani zaidi, kutoka ukingo ulio hai.” Nilimletea. Alitafuta kwanza kuvu na kifua kikuu, kisha akapaka rangi za kutambua aina za seli kwa alama zake, yaani CD3, CD20, CD56 na granzaimu B. Hakuridhika hapo, kwa kuwa baadhi ya limfoma hizi hazionyeshi CD56, ilhali uvimbe wa neva za kunusa huionyesha. Alisubiri kipimo cha EBER, kinachofichua RNA ya virusi vya Epstein-Barr ndani ya seli zenyewe, na ndipo akatia sahihi kwamba ni limfoma ya NK/T.

Upungufu upo. EBER hupelekwa Nairobi, jibu letu lilichukua siku 12, na gharama hiyo mgonjwa aliibeba mwenyewe, jambo lililoniumiza sana.

Anayepeleka kinyama huko akitie katika formalini (dawa ya kuhifadhia tishu) ya asilimia 10 mara tu kinapokatwa, asikibane kwa koleo kwa kuwa seli zilizopondeka hazisomeki, na aandike kwenye fomu kwamba anashuku limfoma.